Kutoka glovu hadi filimbi: njia ya kipa wa kike wa Japani anayetaka kuwa kocha

Kikosi cha Japani kilichotwaa Kombe la Dunia la Wanawake mwaka 2011 nchini Ujerumani kilisafiri na makipa watatu. Jezi namba 1 ilivaliwa na Nozomi Yamago, mwenye miaka 36, mkubwa kuliko wote kikosini. Namba 12 alikuwa Miho Fukumoto, namba 21 Ayumi Kaihori. Mechi zote 6 alidaka Kaihori. Fukumoto, chaguo la kwanza kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 ambako Japani ilimaliza ya nne, alikaa benchi mwanzo hadi mwisho. Yamago, aliyekuwa langoni kwenye Kombe la Dunia la 2003 na Olimpiki ya Athens 2004, naye hakuingia.

Ukiwaangalia watatu hao kwa pamoja, unaelewa kwa nini kipa huanza kuwa kocha kabla hajavua glovu. Beki wa akiba anaweza kuingia dakika ya 70. Kiungo anaweza kusogezwa pembeni. Kipa wa pili na wa tatu hawana pa kuhamishiwa. Kazi yao ya kila siku ni kumpasha moto mwenzao, kumpigia krosi na michomo ya karibu, kuwasoma wapigaji penalti wa timu pinzani, na kumwambia ukweli mechi ikiisha. Hizo zote ni kazi za kocha wa makipa. Kinachokosekana ni cheo na mshahara wake.

Taarifa fupi za michezo husema "amestaafu, sasa ni kocha" kana kwamba ni hatua moja. Ndani ya maneno hayo kuna kazi tatu zisizofanana: kocha wa makipa, kocha wa timu za vijana na kocha mkuu. Kila moja ina leseni zake, soko lake la ajira na maarifa yake. Na kwa kipa wa kike wa Japani kuna jambo linalotangulia yote hayo, nalo ni kimo, kwa sababu ndilo lililounda namna alivyofundishwa na ndilo atakalokuta kwa wanafunzi wake.

Sentimita 22 na hatua moja mbele

Fukumoto ana sentimita 165. Kaihori ana 170, na Ayaka Yamashita, aliyedaka kwenye Kombe la Dunia la 2023, naye ana 170. Erina Yamane ana 187. Kati ya Fukumoto na Yamane, wote makipa wa timu ya taifa ya kipindi kimoja, kuna sentimita 22. Lango lenyewe halibadiliki: upana mita 7.32, na kutoka ardhini hadi mtambaa panya mita 2.44.

Jibu la kwanza ambalo kila kocha hulitoa kwa kipa mfupi ni "toka langoni, punguza pembe". Jibu hilo ni sahihi nusu, na ile nusu isiyo sahihi imefungisha magoli mengi. Tupige hesabu.

Mshambuliaji yuko mita 16 kutoka katikati ya lango. Kipa aliyesimama juu ya mstari ana mita 3.66 za kulinda kila upande. Akisogea mbele mita 1, upana anaopaswa kuufunika unakuwa 7.32 × 15 ÷ 16, yaani 6.86, au 3.43 kila upande. Kwa hatua moja ndefu amejipatia sentimita 23 kulia na 23 kushoto. Ni zaidi kidogo ya kile kimo chote kinachomtenganisha Fukumoto na Yamane.

Makocha wengi wapya huishia hapo. Wanasahau kwamba kusogea mbele kuna gharama ya muda. Shuti la kilomita 90 kwa saa husafiri mita 25 kwa sekunde, kwa hiyo ile mita 1 imemnyang'anya kipa sekunde 0.04. Kama anajitupa kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde, katika muda huo angefika sentimita 16 zaidi. Faida halisi basi ni sentimita 7, si 23.

Sasa msogeze mpigaji hadi mita 25. Hatua ile ile inampa kipa sentimita 15 tu kila upande, na gharama bado ni 16. Amepata hasara. Mlete mpigaji karibu, mita 8: hatua moja inampa sentimita 46, gharama ni ile ile 16, faida ni 30. Hesabu hii ni ya kukadiria. Mashuti hayapigwi yote kutoka katikati, kasi ya kujitupa haiko sawa kwa kila hatua, na mpira wa kuchopwa hupita juu ya kipa aliyetoka mbali. Lakini mwelekeo wake hauna ubishi. Kadiri mpigaji anavyokaribia ndivyo kila hatua ya kipa inavyolipa. Mpigaji akiwa mbali, kutoka langoni ni kujiumiza bure.

Kipa mwenye sentimita 187 anaweza kuishi bila kuijua hesabu hii kwa miaka kadhaa, kwa sababu mikono yake inalipa madeni. Mwenye 165 hawezi. Ndiyo maana makipa wafupi wazuri wanaonekana wametulia sana mpira ukiwa nje ya boksi, kisha ghafla wanakuwa wakali ndani ya mita 10. Na wanasimama kabla mpira haujapigwa. Miguu miwili chini, upana wa mabega, uzito mbele ya nyayo. Kipa anayepigiwa shuti akiwa bado anakimbia ana mguu mmoja hewani, na upande mmoja wa lango hawezi kuulinda tena. Bora asimame hatua moja nyuma ya mahali alipotaka kufika kuliko afike akiwa bado kwenye mwendo.

Kwenye krosi hesabu hiyo haina msaada. Hapo kipa ana maswali mawili ya kujibu mpira ukiwa bado kwenye nusu ya kwanza ya safari yake: ninatoka au ninabaki? Nikitoka, ninadaka au ninapiga ngumi? Anayetoka huruka kwa mguu mmoja, goti la mguu wa pili likipanda juu kumlinda na mshambuliaji, na huudaka mpira mbele ya paji la uso mikono ikiwa imenyooka, si nyuma ya kichwa. Boksi likijaa watu, ngumi mbili ni akili kuliko kudaka. Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kutoka hatua tatu kisha kusita. Hapo kipa hayuko mstarini kuzuia kichwa, wala hajaufikia mpira.

Lango linalokua ghafla

Japani, watoto wa shule ya msingi hucheza wanane kwa wanane, kwa mpira namba 4 na lango la mita 5 kwa 2.15. Wakivuka kwenda sekondari ya chini, wakiwa na miaka 12 au 13, wanakutana na uwanja mkubwa, mpira namba 5 na lango kamili. Eneo la lango dogo ni mita za mraba 10.75. La lango kamili ni 17.86. Hilo ni ongezeko la asilimia 66, na msichana hajarefuka kwa theluthi mbili wakati wa likizo.

Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyefundisha umri huo. Timu pinzani inagundua kwamba kila mpira unaopita juu ya mikono ya kipa ni goli, inaanza kupiga kutoka mbali, na kipa anafungwa magoli ambayo hakuna mtu wa umri wake angeyazuia. Wenzake wanamlaumu. Kocha asiyejua naye anamlaumu. Ni umri uleule ambao wasichana wengi wa Japani hukosa timu ya kuchezea, kwa kuwa shule za sekondari ya chini zenye timu za soka za wasichana ni chache. Wengine hucheza na wavulana, wengine huacha kabisa. Kipa huacha kwa sababu mbili kwa mpigo.

Chama cha Soka cha Japani (JFA) kilianzisha mradi maalumu wa makipa mwaka 1998, na baadaye kikaongeza mradi wa kuwasaka wasichana warefu ulioitwa Super Shojo. Yamane alipitia huko. Alichezea TEPCO Mareeze, timu ya kampuni ya umeme ya Tokyo ambayo ilisimamishwa baada ya tetemeko na ajali ya nyuklia ya Machi 2011 huko Fukushima, akaendelea na JEF United, na baadaye akaenda Real Betis ya Hispania.

Kusaka warefu kunasaidia, lakini hakujamaliza tatizo. Yamashita mwenye 170 ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza katika kizazi kilichofuata na akasajiliwa na Manchester City mwaka 2024. Anayewafundisha makipa wa Japani bado anahitaji njia mbili kichwani, ya mrefu na ya mfupi, na hapo ndipo kipa mstaafu hujikwaa mara kwa mara: anafundisha mwili wake mwenyewe. Aliyekuwa mfupi humlazimisha mwanafunzi mrefu kutoka langoni mapema wakati angeweza kungoja. Aliyekuwa mrefu humwambia mfupi abaki mstarini kwenye krosi ambazo yeye alizifikia bila shida.

Fainali mbili za kipa mmoja

Kama kuna vipande viwili vya kumfundishia mtu ukocha wa makipa, ni fainali za Kaihori za 2011 na 2015.

Frankfurt, Julai 17, 2011, Japani na Marekani zilitoka 2-2 baada ya muda wa nyongeza, Homare Sawa akisawazisha dakika ya 117. Kwenye matuta Marekani ilianza. Shannon Boxx alipiga, Kaihori alikuwa tayari anaelea kuelekea pembeni, na mpira ukagonga mguu wake uliobaki nyuma. Carli Lloyd akapaisha. Tobin Heath alipanguliwa kwa mikono. Abby Wambach alifunga, lakini Saki Kumagai akamaliza kazi, 3-1.

Ule mguu wa mkwaju wa kwanza watu huuita bahati. Si bahati tupu. Penalti hupigwa kutoka mita 11, na shuti la mita 25 kwa sekunde hufika ndani ya sekunde 0.44. Hakuna binadamu anayeona, anaamua na kufika kwenye kona ndani ya muda huo, kwa hiyo kipa lazima aanze kabla. Akianza mapema mno, mpigaji anambadilishia upande au anapiga katikati. Kinachofundishika ni kuanza kwa kuchelewa kidogo na kuacha mguu wa nyuma umefunguka badala ya kuukunja chini ya mwili. Mguu huo hufunika ile sehemu ya kati ambayo kipa aliyejitupa ameihama. Mazoezini kocha huuangalia mguu kuliko mikono: ukijikunja kila mara, anamrudisha kipa kwenye kujitupa taratibu kutoka magotini hadi uzoee kubaki wazi.

Lakini kuna kitu ambacho Kaihori na kizazi chake hawawezi kukifundisha kama walivyokifanya. Wakati ule sheria ilimtaka kipa abaki kwenye mstari hadi mpira upigwe, na waamuzi wengi walifumba macho kipa akisogea. Tangu 2019 kipa anaruhusiwa kutoka, ilimradi angalau sehemu ya mguu mmoja iwe juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake, na VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, inaangalia. Julai 2023 huko Hamilton, New Zealand, Zambia iliona bei yake dhidi ya Japani hiyohiyo. Kipa Catherine Musonda alitolewa kwa kadi ya pili ya njano dakika za nyongeza, akaingia Eunice Sakala, akaupangua mkwaju wa Riko Ueki. Mwamuzi akaamuru urudiwe kwa kuwa Sakala alitoka mapema. Ueki akafunga, ikawa 5-0. Kipa mstaafu aliyezoea kuruka mbele kwa miguu miwili pamoja lazima ajifunze upya kuburuza mmoja kabla hajamfundisha mtu. Mazoea ya misuli hayasomi sheria mpya.

Kombe la Dunia la 2015 nchini Kanada lilianza kwa kuzungusha makipa. Kocha Norio Sasaki aliwapa Yamane, Kaihori na Fukumoto mechi moja moja ya makundi, kisha akabaki na Kaihori hatua ya mtoano. Uamuzi huo una hoja yake, maana kila kipa anakuwa tayari. Gharama yake ni kwamba mabeki wanasikia sauti tatu ndani ya siku chache, na kila sauti ina desturi yake ya lini kupanda na lini kurudi. Dhidi ya Uholanzi, dakika za lala salama, mpira wa Kirsten van de Ven ulimponyoka Kaihori mikononi. Japani ilishinda 2-1.

Fainali ya Vancouver haikusamehe. Lloyd alifunga dakika ya 3 na ya 5, yote kutoka mipira iliyotengwa iliyopigwa chini, si juu. Wamarekani walijua Japani ingejiandaa kwa mipira ya vichwa, wakapeleka mipira ya chini mbele ya lango ambako mkimbiaji anayetoka mbali hufika wa kwanza. Lauren Holiday akaongeza la tatu dakika ya 14. Dakika ya 16 Lloyd akaupiga kutoka karibu na mstari wa katikati. Kaihori alikuwa ametoka mbali na lango, kama kipa wa timu inayopandisha mabeki wake juu anavyotakiwa kutoka. Alirudi kinyumenyume, akayumba, vidole vikaugusa mpira, ukagonga nguzo ukaingia. Mechi iliisha 5-2.

Hapa kocha wa makipa ana somo kamili, na halihusu aibu. Kosa halikuwa kutoka. Timu inayocheza juu isiyo na kipa wa kufagia nyuma ya mabeki hufungwa kwa mipira ya kupenyezwa. Shida iko kwenye kurudi. Kipa anayerudi kinyumenyume kifua kikiwa mbele huenda polepole na hukosa mizani mpira ukimpita juu. Anatakiwa kugeuza nyonga upande, kuvusha mguu mmoja mbele ya mwingine na kukimbia huku akiangalia mpira juu ya bega, kisha kujitupa kwa mkono wa juu. Zoezi lake ni rahisi. Kipa anasimama kwenye mstari wa boksi, mita 16.5 kutoka lango. Kocha yuko mita 40, anapoteza mpira kwa makusudi, na mtu wa tatu anapaisha mara moja. Michomo 5 au 6 inatosha, tena mwanzoni mwa kipindi miguu ikiwa mibichi. Makocha wengi hulifanya mwisho, kipa akiwa amechoka, na wanachokipata ni kifundo cha mguu kilichoteguka.

Ngazi mbili za leseni

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea leseni za CAF, kutoka D kwenda C, B na A hadi Pro, hatapotea Japani. JFA ina D, C, B na A, na juu kabisa ile iliyojulikana kwa miaka mingi kama S, sawa na Pro ya Shirikisho la Soka la Asia. Leseni si ya kudumu. Mwenye nayo hukusanya pointi za mafunzo katika kila kipindi cha miaka 4, la sivyo inamponyoka.

Pembeni ya ngazi hiyo kuna nyingine ya makipa, yenye daraja tatu. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Leseni ya makipa haichukui nafasi ya leseni ya kawaida. Hutegemea uwe nayo kwanza. Na kupanda ngazi ya makipa hadi juu hakukusogezi hata daraja moja kuelekea kuwa kocha mkuu. Kipa mstaafu mwenye muda na fedha kidogo analazimika kuchagua mapema: awe fundi wa makipa haraka, au atumie miaka zaidi kujifunza mambo ambayo hakuwahi kuyafanya uwanjani, kama kupanga kiungo na kujenga shambulizi.

Wengi huchagua ufundi, na si Japani peke yake. Mjerumani Nadine Angerer, bingwa wa dunia wa 2003 na 2007, alimaliza soka lake Portland Thorns na hapohapo akawa kocha wa makipa. Kwa wanaume wapo makipa waliovuka, kama Dino Zoff na Julen Lopetegui, lakini ukihesabu makocha wakuu duniani utaona viungo na mabeki wamejaa. Wanawake waliofungua milango Japani nao walitoka ndani ya uwanja, si langoni: Midori Honda, mwanamke wa kwanza kupata leseni S, na Asako Takakura, mwanamke wa kwanza kuifundisha timu ya taifa ya wakubwa, kuanzia 2016. Honda ndiye aliyeijenga Okayama Yunogo Belle, timu ya mji mdogo wa chemchemi za maji moto, ambako Fukumoto alikulia kisoka pamoja na Aya Miyama. Fukumoto alifundishwa huko na mwanamke. Kwa makipa wa nchi nyingi, wakati ule lilikuwa jambo geni.

Sababu ya makipa kuwa wachache kwenye kiti cha kocha mkuu si akili. Kipa anaiona mechi nzima mbele yake kuliko mtu yeyote. Sababu ni ratiba. Kwa miaka 15 amekuwa akifanya mazoezi pembeni na kocha wake, dakika 20 hadi 30 kila siku, wakati wenzake wakifundishwa mambo ya timu. Anajua vizuri jinsi shambulizi linavyoisha, hajui lilivyoandaliwa. Anayetaka kuvuka hana budi kuomba kazi ya timu ya vijana kwanza, hata kwa malipo madogo, na kukaa na wachezaji wa ndani badala ya makipa.

Kazi yenyewe, Jumatatu hadi siku ya mechi

Kipindi cha kocha wa makipa kinachoeleweka huanza na miguu na mikono: hatua za pembeni, kudaka mipira ya kifuani na ya chini, seti 3 za mipira 6 hadi 8. Kisha kujitupa, na hapa kushuka ni muhimu kuliko kuruka. Mwili unatua kwa mfuatano, ugoko, paja, nyonga, ubavu, bega, na mpira ukidakwa unagusa ardhi kabla ya kiwiko. Anayetua kwa kiwiko huachia mpira na huumiza bega. Baada ya seti moja ya kujitupa kwa nguvu zote kipa apumzike sekunde 60 hadi 90. Ukimpigia michomo 12 mfululizo, kuanzia wa nane au wa tisa hajifunzi kudaka tena, anajifunza kuanguka vibaya.

Kosa la pili la kipa mstaafu ni kupiga yeye mwenyewe, kwa nguvu, kutoka mita 6. Inapendeza kwenye video na inampa kocha raha ya kuonyesha kwamba bado yumo. Kipa anajua mpira unatoka kwa nani, lini na upande gani, kwa hiyo hakuna uamuzi wowote anaofanya. Hiyo ni kupasha mwili. Mazoezi yanaanza pale mpira unapoweza kuja kama shuti, krosi au pasi ya kupenyeza, na kipa hajui ipi. Hapo wanahitajika wachezaji wawili au watatu wa ndani, na kocha wa makipa anayejua kumwomba kocha mkuu amwazime. Asiyeweza kuomba hubaki pembeni na koni zake.

Glovu nazo zina somo lao. Nyingi zilibuniwa kwa mikono ya wanaume, na msichana anayevaa saizi kubwa ana nafasi tupu kwenye ncha za vidole. Mpira wa kasi unapogonga hapo kitambaa kinazunguka na vidole vinabaki. Nafasi isizidi sentimita 1. Kiganja kilowanishwe kidogo kabla ya mechi, maana povu kavu halishiki.

Siku moja kabla ya mechi hakuna kujitupa kwingi: mikono, krosi chache, mipira ya kupiga mbali. Tangu msimu wa 2025/26 kuna zoezi jipya kwenye orodha. Kipa anayeushikilia mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8 huwapa wapinzani kona, na mwamuzi huhesabu 5 za mwisho kwa vidole. Kipa aliyezoea kulala juu ya mpira kupoteza muda anahitaji kuwa ameshaamua atampa nani kabla hajasimama.

Nani anamlipa

Kaihori alistaafu Januari 2016 akiwa na miaka 29, muda mfupi baada ya klabu yake, INAC Kobe, kutwaa Kombe la Empress, kombe la taifa la wanawake. Wakati huo wachezaji wengi wa ligi kuu ya wanawake walikuwa wakifanya kazi mchana na mazoezi jioni. Ligi yenyewe ilianza 1989 na timu 6, na klabu nyingi zilikuwa na kocha wa makipa wa muda, kama zilikuwa naye.

WE League, ligi ya kulipwa iliyoanza Septemba 2021 na klabu 11, ilibadilisha masharti. Kila klabu lazima iwe na wachezaji wasiopungua 15 wenye mikataba ya kulipwa, na mwanamke angalau mmoja kwenye benchi la ufundi, awe kocha mkuu, msaidizi au kocha wa makipa. Kwa makocha wakuu iliwekwa leseni mpya, Associate-Pro, katikati ya A na S, ili wanawake wasisubiri nafasi chache za S ndipo waruhusiwe kuongoza klabu.

Sharti la benchi lina pande mbili. Limefungua ajira ambazo hazikuwapo, na kipa mstaafu mwenye leseni ya makipa ni mgombea wa asili. Lakini klabu inayotaka kulitimiza kwa gharama ndogo inaweza kumweka mwanamke huyo kwenye makipa na kuacha nafasi nyingine zote kama zilivyo. Anayesaini mkataba wa aina hiyo na aangalie mambo mawili kabla ya mshahara: kama ana nafasi kwenye kikao cha kupanga mipira iliyotengwa, na kama klabu itamlipia kozi ya leseni ya kawaida inayofuata.